Makofi ya Mukama

Mwaka niliomaliza chuo cha ualimu, baba mdogo alianza kuungua bila kujua. Alikuwa na mazoea ya kuokota kaa la moto kwa vidole na kuwashia kiko chake, kama wazee wengi wa Nyabiyonza wanavyofanya, kwa haraka, kaa likiruka kutoka kidole hadi kidole. Siku moja kaa halikuruka. Alilishika, akavuta moshi taratibu, akaendelea na habari aliyokuwa akinisimulia. Mama mdogo ndiye aliyesikia harufu.

Mganga wa misheni alimchoma sindano kwenye ncha za vidole huku akimwambia atazame dirishani. Baba mdogo alitazama dirishani, akasubiri, kisha akauliza ataanza lini. Mganga akairudisha sindano mahali pake. Alisema ganzi ile itapanda, na kwamba vidole vitajikunja.

Kwa mkulima mwingine hiyo ingekuwa habari mbaya. Kwa baba mdogo ilikuwa zaidi ya hapo, kwa sababu alikuwa mpiga enanga. Kwa asiyeijua, enanga ni ubao mrefu uliochongwa ukaachiwa kingo kama sinia, na juu yake zimevutwa nyuzi za kano za ng'ombe. Mpigaji huiweka mapajani na kuimba nayo. Haina nguvu ya ngoma. Inataka watu wanyamaze.

Alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu, mwanawe wa pekee, ambaye mimi namwita kaka. Kaka alivuka mto Kagera kwenda Uganda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya pamba, kama vijana wengi wa kwetu. Wenzake waliondoka na kurudi, wakaondoka tena. Yeye hakurudi wala hakuleta salamu. Niliandika barua nikazikabidhi kwa kila aliyekuwa akienda huko. Barua zenyewe zilinitesa. Nilikuwa nawaza kama niandike kwamba baba yake anaumwa, asije akadhani tunamtisha, au nisiandike, asije akadhani hakuna haraka. Mwishowe niliandika zote mbili, kwa watu tofauti. Hakuna iliyojibiwa.

Baba mdogo hakuwa na imani na barua. Alikuwa na wimbo. Alikuwa ameutunga kidogo kidogo tangu kaka aondoke, na ulikuwa hauna maneno makubwa. Ulikuwa habari za nyumbani tu: mgomba ulioupanda nyuma ya jiko umezaa, watoto wake nao wamezaa. Ng'ombe mwenye baka usoni tumemla kwenye msiba wa bibi yako. Binti uliyekuwa ukimtazama kanisani ameolewa Nyakatuntu, usimfikirie tena. Kati ya habari na habari alipiga mpigo mfupi wa nyuzi, unaopanda na kukatika. Mpigo ule ndio aliokuwa akimwitia kaka kutoka machungani aje kula, tangu akiwa mdogo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeitwa kula kwa mpigo ule.

Basi Jumapili moja, baada ya ibada, karani wa gombolola, tarafa yetu, alisimama nje ya kanisa akatangaza kwamba Bwana Shauri mpya, ofisa wa Kizungu wa serikali, angekuja kufanya mashindano ya ngoma na nyimbo, na Mukama wetu mwenyewe, mtawala wa Karagwe, angehudhuria na kutoa zawadi. Zawadi ilikuwa taa ya karabai. Watu wakaguna kwa kuitamani. Kisha karani akaongeza, kama jambo dogo, kwamba mshindi angepelekwa Bukoba, ambako kulikuwa na watu wa redio waliokuja na chombo cha kunasa sauti.

Baba mdogo alinishika mkono wa shati.

"Hiyo redio, inasikika Uganda?"

Nikaanza kumweleza. Nilimwambia kwamba sauti husafiri kwa mawimbi, kwamba inategemea hali ya hewa, na milima, na nguvu ya mtambo, na kama kule aliko kaka kuna mtu mwenye redio, na kama ameifungulia saa hiyo.

"Mwalimu," alinikatiza, "nimeuliza inasikika au haisikiki."

"Inaweza kusikika."

"Basi," akasema. Akaniachia shati.

Neno lile "inaweza" nililibeba wiki nzima. Nililibeba nikipalilia, nikibeba mkungu, nikiwa katikati ya sala. Niliona nimempa mtu mgonjwa kitu cha kushikilia bila kujua kama kimefungwa mahali. Yeye lakini alibadilika. Alimwagiza mama mdogo amkande vidole kwa maji ya moto kila asubuhi. Alibadilisha nyuzi, na kwa kuwa hakuzisikia tena chini ya vidole, alijifunza kuzitazama. Mtu aliyekuwa akipiga amefumba macho sasa alipiga ameinama, akikodolea mikono yake kama anayeogopa itamtoroka.

"Baada ya masika vitakuwa vimekwisha," aliniambia, akivionyesha. "Lakini sijaomba vidumu. Nimeomba siku moja tu ya Bukoba."

Siku yenyewe watu walijaa uwanja wa gombolola tangu asubuhi. Bwana Shauri alikuwa kijana, ndevu zake nyekundu. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Jamani, amechipua kama muhindi shambani," na wenzake wakacheka ndani ya kanga. Alizungumza Kiswahili kizuri, lakini Kinyambo, lugha yetu, hakukijua, na nyimbo zote zingekuwa za Kinyambo. Akauliza kama kuna mtu wa kumfasiria. Mzee wa kanisa alinisukuma mgongoni, na ghafla nikajikuta nimesimama nyuma ya kiti cha serikali, na viatu vyangu vya chuoni vinabana.

Kando ya kiti chake palikuwa na kiti kingine, kikubwa, kimefunikwa kitambaa cheupe. Kilikuwa kitupu. Gari la Mukama lilikuwa limekwama matopeni njiani, na wanaume walikwenda kulisukuma.

"Tuanze," alisema Bwana Shauri. Akasimama na kueleza kanuni. "Sitaki wakubwa wachague mshindi. Mimi sijui ngoma zenu. Raia mtachagua wenyewe, kwa makofi. Atakayepigiwa makofi mengi zaidi ndiye mshindi."

Watu waliipenda kanuni ile, na mimi niliipenda. Niliigeuza kichwani nikitafuta kasoro, maana ndiyo kazi yangu, sikuiona. Nilijiuliza kama watu wangeonea haya kumshangilia jamaa yao. Nilijiuliza kama watoto wahesabiwe. Kitu kilichokuwa wazi kwa kila Mnyambo aliyekuwa uwanjani pale hakikunijia, na hakikumjia yeyote, kwa sababu makofi yetu hatuyafikirii. Yanatoka tu.

Walitangulia wachezaji wa ngoma, kisha kwaya. Baba mdogo aliitwa baadaye kidogo. Alikuja na enanga kwapani, akaketi kwenye jamvi, akaiweka mapajani, akainama kuitazama mikono yake. Uwanja ukanyamaza. Aliimba habari zote za nyumbani, mgomba, ng'ombe, bibi, binti wa Nyakatuntu, na kila alipopiga ule mpigo unaopanda na kukatika, nilihisi njaa. Sisemi kwa mapambo. Nilikua kwenye ua ule. Tumbo langu liliujua.

"Wanalia kwa nini?" Bwana Shauri aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nilianza kutafuta neno linalofaa, nikalikataa, nikatafuta jingine. Mwisho nikasema tu, "Anampa mwanawe habari za nyumbani, bwana."

"Na mwanawe yuko wapi?"

"Uganda."

Akatikisa kichwa polepole, na nikaona ameelewa zaidi ya nilichosema.

Makofi kama yaliyofuata hayajawahi kusikika uwanjani pale. Wanawake walipiga vigelegele. "Mzee ameniliza na hata sijapika!" mmoja alipaza sauti, na kicheko kikachanganyika na kilio. Bwana Shauri alinigeukia, akatabasamu. Baba mdogo alisimama akanitafuta kwa macho, na mara moja tu, kwa kitambo kifupi, sikuwa na wasiwasi wowote. Kiliniogopesha kitambo kile. Sikukizoea.

Kundi la mwisho lilikuwa la vijana wa gombolola jirani. Walikuwa na kinanda cha mdomo na madebe, na wamevaa kaptula za kiaskari. Mwimbaji wao alisahau maneno akaanza upya, akasahau palepale.

"Rudini mkalishe mbuzi!" mzee mmoja alifoka.

"Na mbuzi wenyewe watakimbia!" mwingine akajibu, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Hapo ndipo honi ya gari iliposikika. Mukama alikuwa amefika.

Siwezi kueleza jambo hili kwa mtu wa mbali bila kulifanya lionekane la ajabu, lakini kwetu halikuwa la ajabu. Mtawala anapotokea, unapiga magoti na kupiga makofi. Hayo si sifa. Unamsalimu, kama vile unavyomwamkia baba yako shikamoo. Unaendelea mpaka aketi. Uwanja mzima ulikwenda chini kwa pamoja, na makofi yakapanda kama mvua juu ya mabati. Vijana wa madebe walitupa vyombo vyao wakapiga makofi. Mimi nilipiga, nyuma ya kiti cha serikali. Na kwenye kona yake nilimwona baba mdogo, ameweka enanga chini, amepiga magoti, anapiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Vidonda vya kaa la moto vilifumuka kwenye vidole vyake. Hakusikia. Alikuwa anatabasamu.

Bwana Shauri alikuwa amesimama kumpokea mgeni wake. Aliwatazama wale vijana, akautazama umati, na nikamwona akikubali kwa kichwa, kama mtu anayesema, sikutegemea, lakini raia wamechagua.

Mukama aliketi. Alikuwa mzee, mnene kidogo, mwenye uso wa upole na uchovu wa safari. Bwana Shauri alimnong'oneza, kisha akasimama akatangaza kwamba washindi ni vijana wa madebe.

Hakuna aliyenung'unika kwa sauti. Nyuma yangu nilisikia, "Wale? Wale wa mbuzi?" na mwingine akajibu, "Nyamaza, Mukama amekaa."

Nilimtazama baba mdogo. Alikuwa bado anasubiri kuitwa.

Sijawahi kufikiri mambo mengi hivyo kwa muda mfupi. Nikisema, namwaibisha Bwana Shauri mbele ya watu. Nikisema vibaya, itaonekana namlaumu Mukama kwa kuja. Nisiposema, Bukoba imekwenda. Nilikuwa bado sijapewa kituo cha kufundisha, na kituo hutolewa na wakubwa. Niliyapanga yote hayo, kisha mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Bwana, samahani. Makofi yale hayakuwa ya hawa vijana. Yalikuwa salamu ya Mukama."

Nasema kwa haki, hakukasirika. "Yote?"

"Yote, bwana."

"Basi warudie. Wale vijana, na yule mzee wa Uganda."

Mzee wa Uganda. Alimkumbuka. Tumaini lilinipanda mpaka nikashika mgongo wa kiti.

Vijana walirudia. Safari hii walikuwa wanatetemeka, na makofi waliyopata yalikuwa machache, ya kuwaonea huruma. Niliyapima kwa masikio yangu. Baba mdogo alihitaji kidogo tu. Alihitaji robo ya alichopata mwanzo.

Alikuja mbele, akapiga magoti kwa Mukama, akaketi. Damu ya vidole aliipangusa kwenye kanzu. Nilifikiri vidole vitamwangusha, lakini havikumwangusha. Aliimba vizuri kuliko mara ya kwanza. Sasa alikuwa na mtu wa kumwimbia, mtawala wa nchi, na zile habari ndogo za nyumbani alizipeleka kwake kana kwamba anamshtakia: mgomba wake umezaa, Waitu, bwana wetu, watoto wake nao wamezaa, na mwenyewe hayupo.

Mukama alisikiliza. Hilo ndilo lililotuangamiza. Angesinzia, angezungumza na Katikiro wake, msaidizi wake aliyekuwa amesimama kando, mambo yangekwenda vizuri. Lakini alisikiliza kila neno. Ulipopigwa mpigo wa mwisho, aliinamisha kichwa, akachukua pindo la shuka lake, akafunika uso. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Na mbele ya Mukama aliyefunika uso, hakuna anayepiga makofi. Hata mtoto analijua hilo. Watu waliinama kimya, uwanja mzima, na wanawake waliokuwa na vigelegele kooni wakavimeza. Nilisikia nzi. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye gari la Mukama.

Bwana Shauri alisubiri, mikono yake mwenyewe imekaa tayari. Akasubiri tena.

"Hawakupenda?" akaninong'oneza.

"Wamependa mno, bwana. Mukama amefunika uso. Hawawezi kupiga makofi."

Akanigeukia. Sauti yake haikuwa kali, ilikuwa ya mtu aliyepotea njia. "Mara ya kwanza umeniambia walipiga kwa sababu ya Mukama. Sasa unaniambia hawapigi kwa sababu ya Mukama. Mimi nipime nini?"

Majibu nimeyatunga mengi tangu siku ile, mengine mazuri sana. Pale Katikiro alikuwa ameshanikaribia.

"Kijana," akasema kwa upole mbaya, "Mukama amechoka. Unataka alie mara ngapi?"

Kanuni ilikuwa imetangazwa kwa watu wote. Vijana wa madebe walikuwa na makofi machache, na machache ni mengi kuliko hakuna. Mukama alipofunua uso, macho mekundu, aliletewa taa ya karabai, akaambiwa ni ya wale pale, na akawapa. Hakujua kilichokuwa kikishindaniwa. Alikuwa amekuja kutoa zawadi, si kuuliza. Bwana Shauri aliwapiga picha wote pamoja, Mukama katikati, taa mbele.

Kabla ya kuondoka, Mukama alimwita baba mdogo. Akatia mkono kwenye mfuko wake mwenyewe, akamwekea viganjani kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa tunayompa mgeni wa heshima. Watu wakavuta pumzi. Mtu wa kwetu akipewa kahawa kutoka mfuko wa Mukama, wajukuu wake watalisimulia. Baba mdogo aliipokea kwa mikono miwili, amepiga magoti. Punje kadhaa zilipenya kati ya vidole zikaanguka, naye hakujua. Mimi ndiye niliyeziokota.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya migombani. Watu waliokutana nasi walimpongeza. "Mzee, wewe ndiye umeshinda," walimwambia, "taa si kitu, utazeeka na heshima yako." Aliwashukuru wote. Tulipobaki wawili alisema:

"Mukama amelia."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Bukoba wanapeleka wale wa mbuzi."

"Ndiyo."

Nyumbani enanga aliitundika mahali pake, na kahawa akampa mama mdogo aihifadhi.

Masika yalipita. Vidole vilifanya kama mganga alivyosema. Kwanza alishindwa kukaza nyuzi, nikawa namkazia, lakini sikujua kuzisikiliza, na zilikuwa zikitoka kombo. Kisha alishindwa kuzipiga. Niliketi naye nijifunze ule wimbo, naye alinifundisha kwa subira, ila mpigo wa kuitia chakula sikuupata kamwe. "Hapana," alikuwa akisema, "huyo ni mtu mwingine anaitwa." Baadaye akaacha kusema hapana, na nikajua amechoka.

Mimi nilipangiwa shule ya Nyakatuntu. Nilijipoza kwa njia yangu. Nilijiambia kwamba redio isingefika Uganda hata kidogo. Niliiweka milima, niliyaweka mawingu, niliweka umaskini wa kambi za vibarua, mpaka nikawa nimejenga ukuta mzuri kati ya Bukoba na kaka. Kama sauti isingefika, basi hatukupoteza kitu. Nilikaa nyuma ya ukuta ule mwaka mzima, na nilikuwa karibu kuuamini.

Likizo moja nilikuwa kwa baba mdogo, mvua ya mchana inanyesha, tumeuzunguka moto, alipoingia jirani aliyekuwa amerudi Uganda juzi yake. Aliamkia, akapewa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaanza kusimulia kwa furaha ya mtu aliyefika kwao salama.

"Na tuliwasikia, mzee! Kambini kulikuwa na duka la Mhindi, ana redio. Jioni vijana wote wa Karagwe tunakwenda kukaa barazani. Siku moja tukasikia, sasa ni wimbo kutoka Karagwe. Tukaruka wote! Kumbe ni vijana na madebe." Akacheka. "Tulicheka, tukarudi kulala. Walipiga wimbo ule mara nyingi tu."

Baba mdogo hakuwa anacheka. "Vijana wote wa Karagwe walikuwapo?"

"Wengi sana, mzee."

"Na wangu?"

Jirani aliweka kibuyu chini. Alikuwa amesahau nyumba aliyomo. "Sijui, mzee wangu. Pale watu hubadilisha majina, wanakwepa kodi. Barazani kuna giza. Sikuuliza."

Mvua iliendelea. Mama mdogo alitoka nje bila sababu. Nilitafuta neno, nikafikiria kusema kwamba huenda kaka hakuwa kambi ile, kisha nikafikiria kwamba hilo lilikuwa baya vilevile.

"Redio inafika," baba mdogo aliniambia, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeuliza.

Akanyoosha mikono kwenye moto apate joto. Aliinyoosha karibu mno. Nikaishika, nikairudisha nyuma, nikabaki nimeishika, maana nikiiachia angeirudisha palepale.